Tabo, Chaja au Kishindilio? Uhakiki wa Istilahi za Injini ya Gari la Kila Siku

Istilahi ya kifaa hupimwa mahali pawili: kwenye karatasi ya mfasiri na mikononi mwa mtu anayekitumia kifaa chenyewe. Zipo istilahi zinazofaulu mahali pa kwanza na kushindwa mahali pa pili, na aghalabu kosa hilo halionekani kwa sababu mfasiri na mtumiaji hawakutani. Makala haya yanachunguza kundi moja la istilahi za namna hiyo, nazo ni zile zinazohusu kifaa ambacho mafundi wetu hukiita tabo, kinachofungwa kwenye injini ili gari lipate nguvu zaidi bila injini yenyewe kuwa kubwa zaidi.

Yamkini msomaji atauliza kwa nini jambo la gereji lichukue nafasi katika kurasa za istilahi. Zamani tabo ilikuwa jambo la malori ya dizeli na magari ya mashindano. Leo sivyo. Magari madogo mengi hutoka kiwandani yakiwa nayo. Tena wapo watu wanaofungisha tabo kwenye injini ambayo haikuundwa kwa ajili yake, kisha wakaendelea kulitumia gari hilo hilo kwenda kazini, sokoni na kuwapeleka watoto shule. Mwenye gari wa namna hiyo hana mhandisi wa kumwuliza. Tegemeo lake ni kitabu cha maelekezo, fundi wake, na maneno yanayopita baina yao. Maneno yakipotoka, injini huharibika. Hoja yetu ni kwamba istilahi za kundi hili zimeelemea kutaja matokeo ya kifaa badala ya kutaja kazi yake, na kwamba kuelemea huko kuna gharama inayolipwa na mtu asiyejua lugha ya kigeni.

Kazi ya kifaa chenyewe

Hatuwezi kukihakiki jina bila kukijua kitu. Injini ya petroli huvuta hewa, huichanganya na mafuta, huubana mchanganyiko huo ndani ya silinda na kuuwasha. Kila gramu moja ya petroli huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa ili iungue barabara. Basi kiasi cha mafuta kinachoweza kuungua kwa mkupuo mmoja huamuliwa na kiasi cha hewa kilichomo. Ukimwaga mafuta mengi pasipo hewa ya kutosha hupati nguvu. Utapata moshi mweusi na hasara.

Hapo ndipo tabo inapoingia. Ina magurudumu mawili ya mapanga yaliyounganishwa na mhimili mmoja. Moshi unaotoka katika silinda ukiwa na joto kali na kasi kubwa huzungusha gurudumu la kwanza. Gurudumu la pili, kwa kuwa limo katika mhimili ule ule, huzunguka pamoja nalo na kuisukuma hewa safi ndani ya injini. Mhimili huo waweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na katika tabo za kawaida huelea juu ya utando mwembamba wa oili. Hewa ikiingia nyingi, mafuta mengi zaidi yanaweza kuungua, na nguvu ikaongezeka. Joto nalo huongezeka, na mzigo juu ya pistoni, gasketi na beringi huongezeka pia.

Hataza ya wazo hili aliipata Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, mwaka 1905. Mwaka 1918, huko Marekani, Sanford Moss aliijaribu tabo kwenye injini ya ndege juu ya kilele cha Pikes Peak, zaidi ya mita 4,000 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa ni nyembamba na injini hudhoofika. Tabo iliirudishia injini ile nguvu iliyokuwa imeipoteza kwa sababu ya kimo. Jaribio hilo latufunza jambo la msingi kuhusu kutoa majina. Kile kilichokosekana mlimani kilikuwa hewa, na kile kilicholetwa na tabo kilikuwa hewa. Nguvu ilifuata baadaye.

Majina matatu yanayogombea

Jina la kwanza ni lile ambalo mfasiri anayetaka kulikwepa neno la kigeni hulikimbilia: kiongeza nguvu. Sifa yake ni kwamba hueleweka papo hapo, na kwa maoni yetu ndipo ilipo hatari yake. Msomaji akiambiwa kwamba kifaa fulani ni kiongeza nguvu, hana swali tena la kuuliza. Haambiwi nguvu inatoka wapi wala inalipiwa na nini. Huwaza kwamba nguvu imo ndani ya kifaa kama chumvi ilivyo katika kibaba, na kwamba kazi iliyobaki ni kukifunga. Kisha, plagi pia zikiwa nzuri huongeza nguvu. Na chujio la hewa likisafishwa huongeza nguvu. Istilahi inayoweza kuvifaa vifaa kumi haijakitaja hata kimoja.

Kosa la kutaja matokeo si letu peke yetu. Mwaka 1962 kampuni ya Oldsmobile ya Marekani ilitoa gari liitwalo Jetfire, mojawapo ya magari mawili ya kwanza ya watu wa kawaida kuuzwa yakiwa na tabo. Injini yake ya lita 3.5 ilibana mchanganyiko kwa uwiano wa 10.25 kwa 1, kiwango kikubwa mno kwa injini inayosukumiwa hewa. Ili petroli isilipuke kabla ya wakati wake, wahandisi walinyunyizia ndani yake maji yaliyochanganywa na alkoholi ya methili kutoka katika tangi la pekee ambalo mwenye gari alitakiwa kulijaza mara kwa mara. Kimiminika hicho kiliitwa Turbo-Rocket Fluid. Tuliangalie jina hilo kwa jicho la mtu wa istilahi. Lina tabo ndani yake, lina roketi ndani yake, lakini halina neno moja linalomwambia mwenye gari kwamba hayo ni maji ya kupoza, na kwamba pasipo hayo gari lake si lile alilolinunua. Wengi waliliacha tangi likauka. Kifaa cha usalama kikaipunguza hewa, gari likalegea, na wenyewe wakalalamika. Jetfire ilitengenezwa kwa miaka miwili tu, na idadi yake haikufika 10,000. Hatudai kwamba jina peke yake ndilo lililoiangusha. Twasema kwamba jina lilipata nafasi ya kumsaidia mtu wa kila siku, nalo likachagua kujisifu.

Jina la pili ni chaja, au chaja ya tabo. Hapa mfasiri amechukua nusu ya neno la Kiingereza akiamini kwamba nusu hiyo ni mali yetu tayari. Kweli ni yetu, lakini kwa kazi nyingine. Katika Kiswahili kuchaji ni kutia umeme katika betri au simu, na chaji ni ama umeme huo ama ada inayotozwa. Mtu akisikia chaja ndani ya gari, mawazo yake huenda kwenye betri na dainamo. Fundi mwanafunzi aliyeambiwa akague chaja ataanza na nyaya. Ajabu ni kwamba neno la asili la Kiingereza lina maana pana zaidi, ya kupakia na kujaza, na hapo zamani lilitumika kwa kujaza baruti ndani ya bunduki. Tulilikopa umbo, tukaiacha maana. Tutairudia maana hiyo hapa chini, kwa sababu Kiswahili kinayo, tena kwa neno lake chenyewe.

Jina la tatu ni tabo. Hili ndilo lililomo vinywani mwa mafundi, madereva na wauza spea, na mtu wa istilahi asiyeheshimu vinywa hivyo hujisumbua bure. Lina ufupi, linatamkika, na halina mshindani gereji. Hata hivyo lina upungufu. Asili yake ni Kilatini, ambako neno hilo lilikuwa na maana ya kimbunga na ya pia, yaani kile chombo cha mchezo ambacho watoto hukizungusha. Maana hiyo ya kuzunguka imekwisha kupotea hata huko lilikotoka, na mahali pake imeingia maana ya kasi na majivuno. Mwaka 1973 kampuni ya BMW ilitoa gari lake la 2002 Turbo, na neno lenyewe likaandikwa kinyumenyume mbele ya gari ili dereva aliye mbele alisome sawasawa katika kioo chake na kupisha. Mwaka 1983 ikatolewa programu ya kompyuta iliyoitwa Turbo Pascal, ambayo haina moshi, hewa wala mapanga. Neno limefika kwetu likiwa limekwisha kuchoka. Lafaa kubaki kama jina la kifaa kimoja kinachojulikana. Halifai kuwa mzazi wa istilahi nyingine, kwa kuwa halizai kitenzi wala halielezi jambo.

Maneno yanayogongana

Ubaya mkubwa zaidi hauko katika jina la kifaa. Uko katika maneno ya jirani yake, ambayo mfasiri huyatumia bila shaka yoyote kwa kuwa ni ya kawaida. Tutataja manne.

La kwanza ni mgandamizo. Tuseme mfasiri ameandika hivi: "Tabo huongeza mgandamizo, kwa hiyo kabla ya kuifunga, punguza mgandamizo wa injini." Msomaji atadhani mwandishi ana wazimu. Katika lugha ya asili maneno ni mawili. Moja ni kanieneo ya hewa inayosukumwa na tabo. La pili ni uwiano baina ya nafasi iliyomo katika silinda pistoni ikiwa chini na nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu. Tabo hukuza lile la kwanza, ndiyo sababu injini ya petroli iliyoundwa bila tabo mara nyingi huhitaji kupunguziwa lile la pili. Kampuni ya Saab ya Sweden ilipotoa gari lake la 99 Turbo, lililoanza kuuzwa mwaka 1978, uwiano huo ulishushwa hadi 7.2 kwa 1. Wahandisi wake hawakukusudia gari la mashindano. Walichagua tabo ndogo yenye valvu ya kuuchepusha moshi, ili hewa ya ziada ipatikane katika mizunguko ya chini ambayo mtu wa kila siku huitumia. Tulinganishe 7.2 hiyo na 10.25 ya Jetfire. Tofauti ya magari hayo mawili imo katika neno ambalo Kiswahili chetu cha tafsiri kimelichanganya na jingine.

La pili ni uwezo wa injini. Hili lawahusu watumishi wa serikali hasa. Katika fomu nyingi hutumika kwa maana ya sentimita za ujazo za silinda. Tanzania na Kenya, ushuru wa gari linaloingizwa hutegemea, pamoja na mambo mengine, kipimo hicho. Zamani kosa hili halikuwa na madhara makubwa kwa sababu injini kubwa ndiyo iliyokuwa na nguvu kubwa, basi uwezo na ujazo vilitembea pamoja. Tabo imevitenganisha. Injini ya lita 2 ya Saab ilitoa nguvu za farasi 145 ikiwa na tabo, na haikufika 120 bila tabo, na ujazo wake ni ule ule. Mwananchi anayejaza fomu yenye neno uwezo ana haki ya kuuliza ni uwezo upi. Neno sahihi ni ujazo wa injini, na uwezo uachwe kwa habari za nguvu.

La tatu ni kunoki. Katika vitabu vya kigeni neno hili ni sauti: mlio wa kugonga unaosikika petroli inapolipuka kabla ya wakati wake, nao ni onyo kwa dereva apunguze mzigo. Gereji kwetu, injini iliyonoki ni injini iliyokufa au iliyo mahututi. Mfasiri akiandika, "Injini ikinoki, punguza kukanyaga mafuta," anamwambia msomaji wake apunguze mwendo baada ya mazishi. Mwaka 1982 Saab ilianza kufunga kifaa kinachousikia mlio huo na kuipunguza hewa ya tabo chenyewe. Gari lisilo na kifaa cha namna hiyo hutegemea masikio ya dereva, na masikio hutegemea maelekezo. Hapa tungependekeza mlio wa kugonga, na kunoki kubaki na maana yake ya mitaani ambayo haina kosa lolote.

La nne ni kupoa, nalo laweza kuleta hasara upesi kuliko yote. Maelekezo ya tabo huagiza kwamba baada ya mwendo mkali injini isizimwe ghafla. Mfasiri huandika: "Acha injini ipoe, ndipo uondoe ufunguo." Kila dereva wa Kiswahili anajua kuacha injini ipoe ni nini: ni kuizima na kungoja, kama afanyavyo kabla ya kufungua kifuniko cha rejeta. Lori lililomaliza kuupanda mlima wa Kitonga likizimwa hapo hapo, pampu ya oili husimama ilhali mhimili wa tabo ungali unazunguka na gurudumu la upande wa moshi lingali na joto kali. Oili iliyobaki katika beringi huungua na kuwa makaa. Mambo hayo yakirudiwa kila siku, mhimili huliwa. Dereva ametii kila neno aliloandikiwa. Aliyekosa ni mwandishi. Sentensi iliyotakiwa ni hii: "Iache injini iungurume dakika moja au mbili bila kukanyaga mafuta, ndipo uizime." Haina istilahi hata moja, na hakuna istilahi iliyoweza kufanya kazi yake. Mwalimu wa tafsiri angefaa kuwaonyesha wanafunzi wake mfano huu, ili wajue kwamba kuna mahali ambapo kuunda neno ni kukwepa kazi.

Pendekezo

Tulisema kwamba maana iliyoachwa katika chaja tunayo wenyewe. Neno lake ni kushindilia. Mwindaji wa gobori alitia baruti, kisha akaishindilia kwa mdeki. Mkulima huishindilia pamba guniani, na mjenzi huushindilia udongo wa msingi. Katika matumizi yote hayo maana ni moja: kukiingiza kitu kwa nguvu katika nafasi ile ile ili nafasi hiyo ibebe kingi zaidi. Hiyo ndiyo kazi ya tabo, si zaidi wala si pungufu. Tena neno hili hubeba onyo ndani yake. Kila aliyewahi kushindilia gunia anajua kwamba likizidishiwa hupasuka. Kiongeza nguvu hakimwambii mtu hivyo.

Kwa mintarafu hiyo twapendekeza familia ifuatayo.

Kishindilio: kifaa chochote kinachoingiza hewa ndani ya injini kwa nguvu. Umbo lake ni lile la kichujio na kisagio.

Kishindilio cha moshi: kile kinachoendeshwa na moshi wa injini. Jina lake la kawaida, tabo, libaki na liruhusiwe katika maandishi rasmi.

Kishindilio cha mkanda: kile kinachoendeshwa na injini yenyewe kwa mkanda. Kwa sasa wengi hukichanganya na tabo kwa kukosa jina la kuvitenga.

Mshindilio: kanieneo ya ziada inayoletwa na kishindilio. Neno hili liuondoe mgandamizo mahali hapa.

Uwiano wa mgandamizo: ule wa nafasi ya silinda, na huo tu.

Injini ya kushindiliwa, na kinyume chake injini ya kuvuta, yaani ile inayovuta hewa yenyewe.

Valvu ya mchepuko: ile inayoupitisha moshi kando ya gurudumu la mapanga mshindilio unapofikia kikomo. Barabara zetu zimekwisha kulizoea neno mchepuko, ingawa mitaani limepewa na kazi nyingine.

Rejeta ya hewa: kifaa kinachoipoza hewa iliyoshindiliwa kabla haijaingia silinda. Kipoza hewa hakifai, kwa kuwa msomaji atadhani ni kiyoyozi cha abiria.

Kukawia kwa tabo: muda unaopita baina ya kukanyaga mafuta na kupata mshindilio.

Twajua pingamizi zitakazotolewa. Ya kwanza ni kwamba fundi hatasema kishindilio cha moshi wakati ana tabo yenye silabi mbili. Hatumtaki aseme. Twataka mwalimu anapomweleza mwanafunzi wake tabo ni nini, awe na neno linaloanza kueleza kabla hajafungua kinywa mara ya pili. Ya pili ni kwamba kushindilia kumekwisha kutwaliwa na wajenzi wa barabara. Hilo halitutishi. Mgonjwa ana shinikizo la damu na serikali yaweza kutiwa shinikizo, wala hakuna aliyewahi kuvichanganya. Pingamizi ya tatu ni nzito zaidi, nayo ni kwamba magari yanayotumia umeme peke yake hayana moshi wala tabo, basi huenda tunakipamba kifaa kinachoondoka. Jibu letu ni kwamba magari yaliyokwisha kufika nchini yatakuwa barabarani kwa miaka mingi, aghalabu katika mikono ya mnunuzi wa pili na wa tatu, ambaye kitabu cha maelekezo cha lugha ya kigeni hakimfai kitu.

Istilahi nyingi tumezipima kwa kuuliza kama zinalingana na neno la asili. Kundi hili linatuonyesha kwamba haitoshi. Tabo, chaja na kiongeza nguvu zote zaweza kutetewa kwa kipimo hicho, na bado hakuna hata moja inayomwambia mwenye gari kwamba ameongezewa hewa, na kwamba hewa hiyo inakuja na joto, mzigo na masharti. Wafasiri, walimu na mafundi walio na majina bora kuliko haya, au wanaoona kwamba mojawapo limekosea kazi ya kifaa, wanaombwa waandike kwa mhariri. Tungependa zaidi kusikia kutoka kwa wale ambao mikono yao ina oili.